Harufu ya Sashe Njiani Wamaza

Harufu inayonichafua moyo kuliko zote ni ya sashe asubuhi. Sashe ni kapakiti ka nailoni kenye pombe kali. Unakapasua kwa meno, unakamimina kooni mara moja, unakatupa. Pale Kasongo, kwenye kituo chetu karibu na soko, chini pamejaa hizo nailoni tupu. Zinakanyagwa, zinachanganyika na matope na maganda ya ndizi na mate ya watu, na mvua ikinyesha zinaelea mpaka miguuni pa mama anayekaanga maandazi. Miezi ya baridi ndiyo zinazidi. Motari anafika alfajiri, mabega yamepanda hadi masikioni, anasema anatafuta jaketi ya ndani, na hakuna anayemwuliza ni jaketi gani.

Mimi pia ni motari. Ninabeba watu na mizigo kwa pikipiki kutoka Kasongo kwenda Wamaza, na mara nyingine naendelea mpaka Kabambare. Mtu wa mbali akisikia kwamba kwetu kuna baridi anacheka. Sawa, acheke. Lakini apande pikipiki saa kumi na moja alfajiri, kiangazi kinapoisha, ashuke kwenye mabonde kabla ukungu haujaondoka, halafu anipe mkono wake niushike. Upepo unapenya kwenye vifungo vya shati. Magoti yanauma. Vidole vinakufa ganzi, na kidole chenye ganzi hakijui kimekamata breki kwa nguvu kiasi gani. Mvua za kwanza zikianguka wakati huo, vumbi la miezi yote ya kiangazi linalowa juu tu, chini linabaki kavu na gumu. Mvua kubwa za baadaye zina matope ya kukwama, na ukikwama unasukuma. Mvua za kwanza zina utelezi wa kuangusha.

Aliyenifundisha mambo hayo ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Hilo nalisema mapema kwa sababu ni kweli, hata kama linaniudhi. Nilikuwa nalima mihogo na mpunga, mavuno yalikuwa mabaya miaka miwili mfululizo, naye akanipa pikipiki yake ya zamani na kunifundisha njia. Alijua kazi. Alinionyesha kukata karatasi ya mfuko wa saruji na kuivaa kifuani chini ya jaketi, upepo usinifikie. Alinionyesha kuvaa soksi nzito mikononi kama sina glovu, lakini nizitoboe kwenye vidole viwili vya breki. Siku ya utelezi tulikuwa tunapunguza kidogo upepo wa matairi. Kuteremka, alisema, ni kwa vitesi ya kwanza, gia ya chini kabisa, injini yenyewe ishike uzito, na breki ya mbele uisahau kabisa. Kwenye daraja la magogo abiria anashuka, anavuka kwa miguu, unamchukua ng'ambo. Na kila baada ya mwendo fulani unasimama, unaweka mikono karibu na injini, unasubiri mpaka vidole vianze kuuma.

"Vikiuma, vimerudi," aliniambia. "Kama haviumi bado, usipande piki."

Nilimheshimu sana. Kitu kimoja tu nilikikataa kwake, nacho ni sashe. Si kwamba mimi ni mtakatifu, pombe nakunywa jioni ya sikukuu kama watu wengine. Ila ile harufu ya asubuhi, juu ya tumbo tupu, ikichanganyika na petroli na jasho lililolala kwenye jaketi, ilikuwa inaniletea mate mdomoni kama mtu anayetaka kutapika.

"Kunywa kidogo, shemeji," alikuwa ananiambia. "Damu itembee."

"Hapana, shemeji. Tumbo langu haliko tayari."

"Tumbo lako liko kama la bibi-harusi," alikuwa anajibu, na wenzetu walikuwa wanacheka.

Walinicheka pia kwa sababu ya kaske. Kaske ni kofia ngumu ya kuvaa kichwani, na kila motari anayo moja ya abiria, kama anayo. Ya kwangu ilikuwa imevaliwa na watu mia. Ndani yake sifongo ilikuwa nyeusi, yenye utelezi wa mafuta ya nywele, na ukiisogeza puani unapata wachimba dhahabu wa Lusangi, wauza samaki, wagonjwa wenye homa, wote kwa pamoja. Mimi nilikuwa naiosha kila Jumamosi kwa sabuni na kuianika juani. Shemeji alisema nafanya kazi ya mwanamke. Ya kwake hakuiosha hata siku moja, na mwishowe aliitupa, akasema abiria hawaitaki. Hilo la mwisho lilikuwa kweli.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya mvua za kwanza. Ilikuwa imenyesha usiku, si sana. Walikuja mama mmoja mzee na binti yake, wakulima wa upande wa Wamaza, watu wa kanisa. Mama alikuwa ametoka kupasuliwa jicho Kasongo. Jicho la kulia lilikuwa limefungwa kwa bandeji nyeupe kubwa iliyozunguka kichwa, na la kushoto, binti alituambia, lilikuwa halioni vizuri siku nyingi, lenyewe lingepasuliwa baadaye. Kwa hiyo mama alikuwa anaona mwanga na vivuli, basi. Muganga wa hospitali alikuwa amemwambia asiinamishe kichwa, asibebe kitu kizito, asipate vumbi. Alikuwa amevaa sweta ya kijani ya mwanamume, na juu yake amejifunga vitenge viwili.

Mimi nilisema tungoje jua litoke, njia ikauke.

"Tungoje mpaka saa ngapi?" shemeji akauliza. "Mama anataka kulala kwake leo. Si ndivyo, mama?"

"Mimi nawafuata nyinyi wenye piki," yule mama akajibu.

Shemeji akamchukua mama, kwa sababu yeye ndiye mkubwa wa kazi na pikipiki yake ilikuwa na kiti kizuri. Mimi nikamchukua binti. Kabla ya kuondoka nilimwona shemeji anageuka upande wa ukuta na kunyanyua kidevu. Akatupa nailoni chini. Akatia nyingine mbili mfukoni.

Nilijua, basi. Sitaki mtu afikiri kwamba sikujua.

Tuliondoka. Ukungu ulikuwa mzito, mbele unaona pikipiki ya mwenzako na mti mmoja au miwili, zaidi ya hapo ni weupe kama wa maziwa. Shemeji alikuwa mbele, mimi nyuma kama hatua hamsini, na taa tumewasha. Binti alikuwa ameinamia mgongo wangu, kitenge amejifunika kichwa kizima, kwa sababu ya baridi. Nilihisi meno yake yanagongana. Tulisimama mara moja tu kupasha mikono, nami nilishangaa kwa sababu shemeji mwenyewe ndiye aliyenifundisha kusimama mara nyingi. Pale tuliposimama akanywa ya pili, mbele ya yule mama, akijua haoni. Akamfuta mama matone ya umande begani kwa mkono uleule, akamwuliza kwa sauti ya upole kama anasikia baridi.

"Ninavumilia," mama akasema.

Ile sauti yake ya upole ilinichukiza kuliko ile pombe. Nilipanda pikipiki bila kusema neno. Kama kuna dakika ningependa kurudishiwa, ni hiyo.

Kisha tukafika kwenye mteremko wa kijito kimoja, mahali ambapo udongo ni mwekundu na mlaini, na chini kuna daraja la magogo manne. Hapo ndipo abiria wanashuka. Mimi nilipunguza, nikamwambia binti ajitayarishe kushuka. Binti hakufunua kichwa. Mbele yangu, hatua chache tu, shemeji hakusimama. Alianza kuteremka, na nikaona mkono wake wa kushoto unaacha usukani, unaingia mfukoni, unatoka na sashe, unaipeleka mdomoni. Akaipasua kwa meno, kichwa amekielekeza juu. Pikipiki ilikuwa inashuka na mkono mmoja. Gurudumu la mbele likaanza kwenda pembeni, kidogo tu, akashtuka, akafinya breki ya mbele kwa vidole vyake vya ganzi, kwa nguvu zote. Gurudumu likafunga. Haikupita hata sekunde. Pikipiki ililala ubavu, ikateremka yenyewe na mama chini yake, mpaka ikagonga gogo la kwanza.

Nilisimama, nikamwacha binti na pikipiki yangu pale juu, nikashuka nikiteleza kwa makalio. Shemeji alikuwa amekwisha kuinuka. Mama alikuwa amelala chali, mguu uko chini ya bomba la moshi, na bomba lilikuwa la moto. Nilisikia harufu ya ngozi inayoungua. Shemeji alikuwa karibu naye kuliko mimi, hatua mbili. Na kabla hajafanya hizo hatua mbili, aliangalia chini, akaiona ile nailoni ya sashe juu ya udongo, akaweka kisigino juu yake, akaikandamiza, akaizungusha, mpaka ikazama matopeni. Halafu ndipo akaenda kuinua pikipiki.

Nimeona watu waliofukiwa shimoni Lusangi wanatolewa. Nimeona maiti ndani ya mto. Hakuna kitu nilichokiona ambacho kinanirudia kama kile kisigino kikizunguka.

Mama hakulia. Alikuwa anashika bandeji ya jicho kwa mikono miwili, isifunguke. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti, ulikuwa umepinda pasipo na kiungo, na nyama ya nyuma ilikuwa imeungua, ngozi imebaki kwenye bomba. Binti alifika, akaanza kulia na kuuliza maswali yote kwa pamoja. Wanaume watatu waliokuwa wanakwenda shambani walisikia, wakashuka na mapanga yao.

"Kumetokea nini?" mmoja akauliza.

"Mama alijitikisa," shemeji akasema. Sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. "Nilimwambia akae kama mufuko wa muhogo, asijitikise. Hapa kwa mutelemuko akaegemea upande wa kuume. Haoni, si kosa lake. Piki ikaenda na uzito wake."

Wale watu wakaangalia bandeji, wakatikisa vichwa. Ilikuwa rahisi kuamini.

"Shemeji alikuwa nyuma yangu," akaongeza. "Yeye aliona. Shemeji, si uliona?"

Wote wakanigeukia. Binti pia, machozi mashavuni, kitenge kimeanguka mabegani.

"Niliona," nikasema. "Aliegemea."

Ni maneno mawili. Nilikuwa na matope mdomoni na nilifikiri ndiyo yanayoniletea ladha ile. Nilitema, nikatema tena, ladha haikutoka.

Binti akainama kwa mama yake. "Mama, jamani, nilikuambia usijitikise. Nilikuambia tangu Kasongo."

Yule mama akageuza uso wake upande sauti ya shemeji ilikotoka, akasema polepole, "Unisamehe, mwanangu. Nimekuharibia piki yako."

"Haizuru, mama," shemeji akajibu. "Ni mambo ya njia."

Alimsamehe. Nilisimama pale, nikasikia anamsamehe, na sikufanya kitu.

Tulikata miti miwili, tukafunga vitenge katikati, tukatengeneza kipoyi cha kumbebea. Watu wanne mabegani, wale watatu na mimi, na pikipiki yangu niliiacha pale juu mpaka kurudi. Mimi nilibeba upande wa kichwa, shemeji alibaki kusukuma pikipiki, usukani ulikuwa umepinda. Tulitembea mpaka karibu saa sita, jua limeshatoka, njia imekauka vizuri, imekuwa njia nzuri kabisa. Kwenye kituo cha afya walimsafisha kidonda, wakasema mfupa utafungwa na mfungaji wa mifupa wa pale kijijini kwa sababu wao hawana vifaa. Tukarudi Kasongo.

Wiki ile niliishi kama mtu mwenye minyoo. Mke wangu alipika ugali na sombe, majani ya muhogo, na samaki wa mto Lualaba, nikaona mafuta ya samaki yanang'aa juu ya sombe, nikasukuma sahani. Niliosha jaketi mara tatu. Kwenye kituo shemeji alikuwa anasimulia ile ajali, na kila siku ilikuwa inaongezeka. Siku ya tatu alikuwa tayari anaigiza. Alifunga kitambaa kwenye jicho, akakaa nyuma ya mwenzake juu ya pikipiki iliyosimama, akaanza kuyumba huku na huku na kuita kwa sauti ya kikongwe, "Mwanangu, tuko wapi, mwanangu?" Watu wakacheka mpaka wakashika matumbo. Mmoja aliniambia, "Wewe uliona mwenyewe, ilikuwa hivi?" Nikasema nina safari, nikaondoka bila abiria.

Nilimwambia mke wangu. Alikuwa anachambua maharagwe, na hakuacha kuchambua.

"Umemwambia mutu mwingine?" akauliza.

"Hapana."

"Basi acha."

"Alikanyaga nailoni kwanza. Mama yuko chini ya piki, yeye anakanyaga nailoni."

"Nimesikia." Alitupa jiwe dogo nje ya mlango. "Yule ni kaka yangu. Watoto wako wanasoma kwa sababu ya ile piki aliyokupa. Ukisema, mama yangu atakufa kwa aibu. Mimi sikuambii ni vizuri. Nakuambia acha."

Nilimwelewa, na hilo ndilo lilinifanya nijichukie zaidi, kwa sababu nilifurahi kidogo kupata mtu wa kunikataza.

Niliacha kwa wiki mbili. Kisha nikapata abiria wa kwenda Wamaza, mchuuzi wa vitambaa, na baada ya kumshusha sikugeuza. Niliuliza nyumba ya yule mama, nikaelekezwa.

Alikuwa nyuma ya nyumba, juu ya mkeka, mguu umefungwa kwa vipande vya mwanzi. Jicho lilikuwa limefunguliwa na lilikuwa zima, jekundu kidogo, akaniangalia nalo. Lakini kidonda cha moto kilikuwa kimeoza. Walikuwa wameweka majani juu yake, inzi walikuwa wanazunguka, na harufu yake nilianza kuisikia tangu kona ya nyumba. Nilivuta kiti, nikakaa karibu kwa makusudi. Niliona si haki nikae mbali.

"Wewe ni nani?" akauliza. "Sauti nitaijua, uso siujui."

"Ni mimi niliyembeba binti yako, mama. Siku ile."

"Ah. Yule wa nyuma."

Nilimwambia yote. Mkono kuacha usukani, sashe, breki, kisigino. Nikamwambia kwamba hakuegemea popote, kwamba nilidanganya. Nilisema haraka, nikiangalia mkeka. Nilitegemea alie, au anilaani, au anisamehe. Alifukuza inzi kwa mkono mpaka nikamaliza.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mama?"

"Walifunga jicho langu, hawakufunga pua. Nilisikia harufu tangu Kasongo. Tuliposimama alikunywa tena, mbele yangu hapa." Aliweka mkono hatua moja kutoka usoni. "Na najua mwili wangu. Sikuegemea. Nilikuwa nimeshika kile chuma cha nyuma, mikono yote miwili, mpaka nikaanguka nacho."

"Sasa kwa nini ulimwomba msamaha?"

Aliniangalia kama ninavyomwangalia mtu anayeuliza njia huku amesimama juu yake.

"Nilikuwa chini, muguu umevunjika, katikati ya pori, na mutoto wangu mwanamke. Mwenye piki ni yeye na wewe. Nawe ukasema uliona. Nikajua hapa niko na wawili, si mumoja. Nikasema neno la kunifikisha kwangu. Kama angekasirika akaniacha pale, ningefanya nini?"

Sikuwahi kufikiri hivyo. Katika ile chuki yangu yote ya wiki mbili, nilikuwa nimejiweka upande wake, mtu aliyeumizwa na tendo la shemeji. Yeye alikuwa ameniweka upande mwingine tangu mwanzo, na alikuwa na sababu. Alikuwa ameniogopa. Nilibeba kichwa chake begani mwangu saa tatu nzima na muda wote huo alikuwa ananiogopa.

Niliinuka, nikaenda nyuma ya migomba, nikatapika. Niliporudi alikuwa ananisubiri.

"Umemaliza?" akauliza. "Sasa mwite binti yangu umwambie na yeye. Sababu yeye bado anasema ni mimi. Kila akibadilisha majani ananigombeza."

Nikamwita. Binti alikuja na mikono yenye unga. Nikarudia yote, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu huyu alikuwa anaanza kuelewa sentensi kabla sijaimaliza. Aliangalia mama yake, siyo mimi. Akapiga magoti karibu na ule mguu, akaweka paji la uso juu ya goti lake, akakaa hivyo. Halafu akaniambia, bila kunigeukia, "Toka. Lakini usiende mbali. Mume wangu anarudi jioni, utamwambia na yeye, halafu utakwenda kumwambia kila mutu uliyemdanganya."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilimwambia mume wake. Walikuja Kasongo na mzee mmoja wa kanisa, wakamwona kiongozi wa kituo chetu, na wamotari wakaitwa kukaa kikao. Shemeji alikataa mpaka nilipoanza kusema. Niliposema habari ya kisigino aliacha kukataa, akanitazama tu. Kisha akatema mate karibu na kiatu changu. Mate yenyewe yalikuwa na ile harufu, saa nne za asubuhi, siku ya kesi yake.

Kiongozi akaamua kwamba shemeji hatabeba abiria tena kutoka kituo chetu. Na mimi nikapewa kazi ya kumpeleka yule mama kwenye hospitali ya Kasongo kutibiwa kile kidonda. Binti akakataa. Alisema mama yake hatapanda nyuma ya yeyote kati yetu wawili, na akataja motari mwingine, Mwislamu mmoja asiyekunywa. Nilikubali kwamba ana haki. Yule mwenzetu alimbeba taratibu, siku kavu, jua likiwa juu, na alifika vizuri. Kidonda kilipona baada ya muda mrefu. Mguu ulishikana vibaya kidogo, anatembea na fimbo, na shamba la mpunga ameliacha kwa binti.

Shemeji alihamia Lusangi, anabeba magunia ya wachimbaji. Magunia hayashtaki mtu. Kwenye kituo baadhi ya watu waliacha kunisalimia. Walisema nimemuuza ndugu. Wengine, walewale waliocheka maigizo yake, walinishika mkono wakasema nimefanya kama mwanamume, na hao ndio niliowachukia zaidi.

Mke wangu alipika, alifua, alilala upande wake, na hakuniambia neno lisilo la lazima kwa miezi mingi. Sikumlaumu. Siku moja aliondoka bila kuniambia anakwenda wapi, na kuku wawili, akapanda na motari mwingine. Alirudi kesho yake. Alikaa mlangoni akifuta vumbi miguuni, kisha akasema, "Nimemwona. Amenionyesha muguu." Nikangoja. "Mama yangu sitamuambia ile ya kisigino," akasema. "Ajue ajali, basi." Tangu siku hiyo tunaongea, ingawa kaka yake hatumtaji mezani.

Bado nafanya kazi ileile. Pikipiki ni nyingine. Mvua za kwanza zinapoanza, asubuhi ya baridi, siondoki mpaka jua likaushe njia. Navaa karatasi yangu ya saruji, nakaa juu ya pikipiki, nasubiri, na abiria wananikasirikia. Mwaka huu mwalimu mmoja wa shule ya Wamaza alinisubiri kidogo, akaangalia ukungu, akaangalia saa, akasema ana wanafunzi wanaomngoja. Motari aliyekuwa karibu yangu akamwita. Nilimnusa kwa mbali, alikuwa amekwisha kunywa. Nikamwambia mwalimu waziwazi, "Usiende na huyu, amekunywa." Mwalimu alicheka, akasema kwenye baridi hii nani hajanywa. Wakaondoka.

Nilingojea habari zao mbaya siku nzima. Nilipita njiani saa tano nikiangalia kila mteremko, kila daraja. Hapakuwa na kitu. Jumapili nilimkuta yule mwalimu sokoni ananunua chumvi, akanisimamisha akiwa na furaha. Alisema walifika mapema, hawakuteleza hata mara moja, na kwamba mimi ninaogopa sana. Nilimwambia nimefurahi kusikia wamefika. Alikuwa karibu nami sana, na mdomo wake pia ulikuwa unanuka sashe, kwa hiyo niliaga, nikaenda zangu.